Anacheza sana, hanenepi: nimzuie mpira?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka saba mwezi uliopita. Shuleni walimpima: kilo 20, urefu sentimita 118. Anakula, wala si mtoto wa kubembelezwa, lakini hanenepi. Mtoto wa wifi yangu wamelingana umri na urefu, yeye ana kilo 29, mashavu yamejaa. Bibi yake akija kutoka Uvinza ananiambia namnyima mtoto chakula. Mimi naona tatizo ni mpira, maana akitoka shule anacheza mpaka magharibi. Nimemkataza, siku hizi anashinda ndani na katuni. Asubuhi nampa uji wa lishe wa nafaka kumi, jioni baada ya chakula nampa soda apate nguvu. Bado yuko vilevile. Jirani ameniambia kuna vidonge vya hamu ya kula. Nimpe? Na mpira nimruhusu lini?"*

Nzuri, mama. Mpira mrudishie leo, na vidonge mwachie jirani. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, na pia mambo machache ya kurekebisha jikoni, maana yapo.

Tuanze na vipimo vyake, kwa sababu umenipa namba na namba zinasema. Ukichukua kilo zake ukagawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 20 gawanya kwa 1.18 mara 1.18, unapata kama 14.4. Kwa mvulana wa miaka saba, viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaweka katikati kwenye 15.5, na tunaanza kusema mtoto amekonda akiwa chini ya 13.1. Kwa hiyo mwanao ni mwembamba, lakini ni wembamba wa mtoto mzima. Urefu wake nao uko chini kidogo ya wastani, ambao ni kama sentimita 122, na bado umo ndani ya kawaida.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa mtoto wa wifi yako. Kama kweli wamelingana urefu, kilo 29 zinatoa 20.8. Kwa umri huo, kuvuka 17 ni uzito uliozidi, kuvuka 19 ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Mtoto unayetamani wako afanane naye ndiye anayehitaji kupelekwa kupimwa kwanza. Simjui na sijamuona, na wala sikutumi ukamwambie wifi yako hivyo ukumbini mbele ya watu. Nataka tu uache kumtumia kama kipimo.

Macho yetu yanatudanganya kwa sababu mbili. Ya kwanza, kadi ya kliniki inaishia miaka mitano. Mpaka hapo kila ukienda mtoto anapimwa na mstari unachorwa. Baada ya hapo hakuna anayechora chochote, na tunabaki kupima kwa mashavu. Ya pili, umri wenyewe. Mtoto anapofika miaka mitano au sita ndipo mwili wake unapokuwa na mafuta machache kuliko wakati wowote wa utoto: tumbo la kitoto linaingia ndani, mbavu zinaonekana akivua shati, miguu inarefuka. Hapo ndipo bibi anapoanza kulalamika. Kuanzia hapo hadi karibu na balehe, mtoto anayekua vizuri huongeza kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka na kilo 2 au 3. Kilo mbili zikisambaa kwenye mwaka mzima, jicho haliwezi kuziona.

Basi mpime wewe mwenyewe. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu isiyo na zulia. Avue viatu, visigino na makalio viguse ukuta, macho yatazame mbele, si juu. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, upande wake mmoja ukiwa umelala sawasawa ukutani, ubonyeze nywele, kisha chora mstari mdogo chini ya kitabu kwa penseli. Pima kwa futi ya fundi kuanzia sakafuni, uandike tarehe pembeni ya mstari. Rudia kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, kwa sababu jioni mtu hupungua kidogo kimo. Usipime kila wiki. Utaona makosa ya mkono wako na kudhani ni mtoto. Kosa jingine la kawaida ni kuazima ule utepe wa rangi wa kupima mkono kliniki. Mipaka ya rangi zake imewekwa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na mtoto wa miaka saba anaweza kuonekana yuko kijani huku amekonda.

Tuje kwenye mpira. Umeufikiria mwili kama debe lenye tundu: chakula kinaingia juu, mpira unakivujisha chini, kwa hiyo ukiziba tundu debe litajaa. Hesabu yenyewe iko hivi. Mvulana wa miaka saba anahitaji karibu kalori 1,600 hadi 1,700 kwa siku. Sehemu kubwa inaliwa na kazi za ndani ambazo hazilali: moyo, ubongo, kupumua, kutunza joto. Kukua kwenyewe, yaani kuongeza hizo kilo mbili na nusu kwa mwaka, kunachukua kalori zisizozidi 20 au 25 kwa siku. Ni kidogo kuliko zilizomo kwenye kijiko kimoja cha mawese. Saa moja ya kukimbizana na mpira inaweza kutumia kalori 150 hadi 200 kwa mtoto wa kilo 20, na hizo zinarudi kwa konzi moja ya karanga. Kwa mtoto anayekula, mpira hauwezi kula sehemu ya kukua.

Tena kuna kitu ambacho mpira unaleta na chakula peke yake hakileti. Mfupa hujengwa pale unapogongwa na kuvutwa. Mtoto anaporuka, akatua, akageuka ghafla, mfupa hupata mshtuko mdogo, na chembe zinazojenga mfupa huitikia kwa kuongeza madini mahali hapo. Misuli nayo ni hivyohivyo. Ukimlisha mtoto vizuri na kumkalisha ndani, ile protini haigeuki msuli inavyopaswa kwa sababu hakuna kazi iliyoiita. Ziada inawekwa kama mafuta. Utapata kilo, lakini za namna ile ya mtoto wa wifi. Na hamu ya kula uliyotaka kuinunua kwa vidonge, saa moja ya uwanjani huisaidia bure.

Kiwango kinachopendekezwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kujongea kwa nguvu ya kutosha, yaani apumue kwa kasi na atoke jasho, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na kukimbia hasa na kuruka. Si lazima ziwe mfululizo, wala si lazima iwe mpira. Kombolela, rede, kuruka kamba, kusukuma tairi, kupanda kile kilima cha kutoka shuleni akiwa na begi, vyote vinahesabiwa. Hata kuchota maji, ilimradi ndoo isiwe kubwa kuliko yeye. Usumbufu wa "mpaka magharibi" ni wa kweli, lakini ni suala la ratiba: acheze kuanzia saa kumi, saa kumi na mbili awe ameoga, ale, na saa mbili na nusu awe amelala. Umri wake unataka saa 9 hadi 11 za usingizi, na homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi akiwa kwenye usingizi mzito. Katuni za mpaka saa nne usiku ndizo zinazoiba ukuaji. Akienda kucheza ampe mtu mzima taarifa, abebe chupa ya maji. Ziwani asiende peke yake, na kwenye vijito na kingo zenye majani asiogelee kabisa, nitarudi kwenye hilo.

Ila kuna mtoto mmoja ambaye ushauri huu unabadilika kwake: mwenye selimundu (sikoseli). Huyo anacheza pia, lakini kwa kupumzika mara kwa mara, maji mengi, bila kupitiliza wala kuoga maji baridi akiwa na joto. Kama mwanao huwa analalamika maumivu ya mifupa yanayohamahama au macho yanageuka njano, asikimbizwe uwanjani kabla ya kupimwa.

Jikoni sasa. Uji wako wa nafaka kumi una jina zuri kuliko kazi yake. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano wote ni kundi moja, wanatoa karibu kitu kilekile. Kuwachanganya sita ni kama kuita mafundi rangi sita na kusahau fundi bomba. Unachohitaji ni nafaka moja au mbili na jamii ya kunde moja: vikombe vitatu vya mahindi yasiyokobolewa, au mahindi na ulezi, kwa kikombe kimoja cha soya. Protini ya mahindi imepungukiwa na kitu ambacho soya na maharage wanacho, na wao wamepungukiwa na kitu ambacho mahindi wanacho, ndiyo maana ndoa hiyo inafaa.

Soya ndiyo inayoharibiwa na wengi. Ikisagwa mbichi inabaki na vizuizi vinavyozuia tumbo kuvunja protini, na uji wa dakika kumi jikoni hauvimalizi. Mtoto anajaa gesi, tumbo linamuuma, anaharisha, na mama anasema lishe haimpendi. Chagua soya, ondoa mbovu, chemsha maji kwanza, kisha itumbukize kwenye maji yanayochemka na uiache ichemke dakika 20 hadi 30. Mimina maji, fikicha maganda yatoke, anika juani juu ya turubai safi mpaka ikauke kabisa, ikaange kidogo bila kuunguza, ndipo uipeleke mashineni.

Karanga usizisage pamoja na unga. Zina mafuta, na mafuta yakishasagwa yanaanza kuchacha. Ule ukakasi kwenye uji wa wiki ya tatu ni wake. Kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa dozi ndogo za kila siku haiui papo hapo, inachosha ini, na imehusishwa na watoto kudumaa. Kuchemsha hakuiondoi. Kinachosaidia ni mikono na macho: mwaga karanga kwenye ungo mchana kweupe, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye vumbi la kijani au jeusi, na uzitupe mbali na kuku. Zilizobaki kaanga, saga peke yake kiasi cha wiki moja, weka kwenye chupa yenye mfuniko. Uji ukiiva, koroga kijiko kimoja kikubwa kwa kikombe. Dagaa nao watoe kwenye unga. Wanaufanya unuke na uharibike mapema, na mahali pao ni sahani.

Na uji uwe mzito wa kushika kijiko. Tumbo la miaka saba ni dogo. Ukilijaza maji ya moto yenye rangi ya unga, ameshiba na hajala.

Soda ifute. Chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai, na kwa mtoto wako sukari ya siku nzima haipaswi kuvuka vijiko kumi, heri isizidi vitano. Haina kitu kingine. Nguvu unayoiona ni ya nusu saa, na inafuatwa na meno kuoza. Baada ya chakula mpe maji na tunda. Chungwa, pera au embe vinasaidia madini ya chuma ya kwenye maharage na majani yafyonzwe. Chai ya majani inafanya kinyume, ndiyo maana ikae mbali na chakula kwa saa moja.

Hukuniambia jioni anakula ugali gani, lakini kwa Kigoma nakisia muhogo unaingia. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kama gramu 2 tu za protini. Dona lina 8 au 9. Dagaa wakavu wanazidi 50. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu gramu 19 kwa siku. Utaona mwenyewe kwamba ugali wa muhogo mkubwa wenye mchuzi mwingi na dagaa wanne hautamfikisha, hata akimaliza sahani. Changanya unga nusu kwa nusu na dona, na hakikisha muhogo mchungu umevundikwa siku za kutosha mpaka ukalainika kabla ya kuanikwa. Kwenye sahani, ugali usizidi ngumi zake mbili. Dagaa wakavu konzi yako moja iliyojaa, takribani gramu 20, inampa zaidi ya nusu ya protini ya siku, na kwa vile anatafuna na mifupa, anapata kalisi ambayo kwingine angeipata kwenye maziwa. Ongeza nusu kikombe cha maharage na nusu kikombe cha sombe (kisamvu) au matembele.

Watoto wengi wanakataa dagaa kwa sababu ya mchanga, si ladha. Walioanikwa kwenye vichanja ni bei zaidi na wanastahili. Kama umepata wa mchangani, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wasukesuke, kisha watoe kwa mkono kwa kuwachota kutoka juu. Usiwamwage pamoja na maji kwenye chujio, maana mchanga umeshuka chini na ukimwaga unawarudia. Fanya hivyo mara tatu, mpaka ukipitisha kidole kwenye sakafu ya sufuria husikii chenga. Wakaushe kwenye sufuria kavu kwanza, ndipo viungo vifuate.

Mawese unayo, na ni bahati kubwa. Ule wekundu wake ndio ambao mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kikubwa kinakaribia mahitaji yake ya siku. Lakini kuna mtindo wa kuyachoma mpaka yapoteze rangi na kuwa meupe ili "yasinukie". Hapo umebakiza mafuta matupu. Yapashe tu, kitunguu kiingie kabla moshi haujaanza.

Mbalamwezi ikitoka wavuvi wa dagaa hawapati kitu kwa taa zao, bei inapanda. Na Ziwa Tanganyika linapofungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ni miezi mitatu. Nunua wakati wa giza, wakaushe tena juani, wahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukikosa kabisa, maharage ya Kasulu pamoja na karanga na yai mara tatu kwa wiki yanashika nafasi. Shuleni saa nne, badala ya hela ya barafu na biskuti, mfungie muhogo wa kuchemsha na karanga, au ndizi mbivu mbili.

Kuhusu vidonge. Vingi vinavyoitwa vya hamu ya kula ni siproheptadini, dawa ya mzio ambayo njaa na usingizi ni madhara yake. Akiacha, kilo zinaondoka. Hiyo ndiyo nafuu. Vinavyouzwa kwenye vifuko visivyo na jina mara nyingine huwa na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi. Uso unavimba, watu wanasema amependeza, kumbe ni maji na mafuta, na huku urefu umesimama na kinga imeshuka. Kama umeshampa kwa zaidi ya wiki mbili, usikatishe ghafla, kwa sababu tezi zake za juu ya figo huwa zimelala na anaweza kuzimia. Mpeleke hospitali na kifuko chenyewe.

Minyoo iulizie. Albendazoli ya miligramu 400 mara moja kila miezi sita inatosha kwa minyoo ya kawaida, na huenda shuleni ameshapewa, uliza kabla ya kurudia. Ila haigusi kichocho, na ndiyo sababu nilisema habari ya vijito. Kichocho cha tumbo kinatibiwa kwa prazikwanteli, idadi ya vidonge ikitegemea urefu au uzito wake, baada ya kula. Mtoto anayeoga huko na anaumwa tumbo mara kwa mara au kinyesi kina damu, apimwe.

Hayo yote nimeyasema kwa mtoto anayekula, anayecheza na anayekua. Nenda kituo cha afya, au hospitali ya Maweni kama ni karibu zaidi, usisubiri miezi mitatu ya penseli, ukiona uzito unashuka badala ya kusimama, kikohozi au homa za jioni zinazovuka wiki mbili, viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, miguu inavimba, anachoka kabla ya wenzake kwa kiwango ambacho si kawaida yake, au anakunywa maji sana, anakojoa sana, na anaanza tena kukojoa kitandani huku anakonda. Hili la mwisho ni la siku hiyohiyo, kwa sababu linaweza kuwa kisukari. Na kama mistari yako ukutani ikionyesha chini ya sentimita nne kwa mwaka mzima, nenda hata kama anaonekana mzima. Beba karatasi yenye tarehe na vipimo, kadi yake ya kliniki ya zamani, na urefu wa baba yake na wako; daktari atauliza.